Sio kila anayeinama anaokota jiwe

Nimeahidi habari za Kamanda, mbwa wetu, tangu mwaka jana na kila nikikaa kuandika linazuka jambo, leo mvua imenifungia ndani, umeme umekata, simu ina chaji asilimia 61, basi acha niandike mpaka izime.

Tuanze na jina maana ndo kichekesho chenyewe. Hatukumpa sisi. Kuna mjomba wetu wa Kibosho alikuwa anahamia Dodoma kikazi, Machi 2023, akatupigia akasema nawapa mbwa, mbwa wa kazi huyo, anaitwa Kamanda, mtalala milango wazi. Kabla hatujajipanga kumfuata mjomba mwenyewe akampakia kwenye bodaboda, ndani ya gunia, kichwa tu ndo kiko nje, akateremshwa hivyo kutoka huko juu mpaka kwetu Pasua, Moshi. Gunia linafunguliwa uani sisi wote tumesimama mbali tunaogopa kung'atwa. Kamanda hakumng'ata mtu. Hakukimbia hata. Alijibandika chini kama ngozi iliyowambwa juani, mkia umepita katikati ya miguu umegusa tumbo, masikio yamelala nyuma, halafu jogoo wetu mmoja mwenye kiherehere akaja kumchungulia na Kamanda akajikojolea.

Mama akamwangalia weee, akasema, "Kama huyu ndo kamanda, basi vita tumeshapigwa."

Wiki tatu za kwanza aliishi chini ya stendi ya tenki la maji. Anakula usiku tu tukishalala, asubuhi unakuta sufuria imelambwa inang'aa na mwenyewe humuoni. Alikuwa anaogopa ufagio, anaogopa bodaboda (na kwa lile gunia simlaumu), anaogopa mvua ikipiga kwenye bati, anaogopa wanaume waliovaa kofia, sijui alifanywa nini na mtu wa kofia. Ila kubwa kuliko yote ilikuwa kuinama. Wewe unainama zako kufunga kamba ya kiatu, ukinyanyua kichwa mbwa hayupo. Unainama kuokota pini ya nguo, hayupo. Mama akiinama kufagia ndo kabisa, hapo kuinama kumekutana na ufagio, tulikuwa hatumuoni mpaka kesho yake.

Na hii mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mbwa wa uswahilini hajaenda shule ila hilo somo kafaulu, mtu akiinama ujue anaokota jiwe. Na sisi tunajua kwamba anajua, ndo maana ukikutana na mbwa usiyemwelewa njiani unainama tu hata kama hapo chini kuna vumbi tupu, na anatimua mbio. Nimefanya hivyo tangu niko darasa la pili, sijawahi kujiuliza upande wa pili inaonekanaje.

Majirani nao hawakukaa kimya. Mtaani kwetu mbwa ana kazi moja, kubweka usiku, sasa asiyebweka ni mdomo wa kulisha bure. Mzee wa nyumba ya pili akaniita akaniambia, "Binti, mbwa mwoga ndo mbaya. Mkali anakubwekea kwanza ukajua, mwoga anakudaka tu." Nikaona huyu anatafuta sababu tumwondoe. Nilikuja kujua baadae mzee alikuwa sahihi, kuuma kwingi kwa mbwa kunatokana na hofu, mbwa kabanwa kona, pa kukimbilia hana, kilichobaki ni meno.

Sasa mimi na kichwa changu nikaamua dawa ya uoga ni kuzoea. Si anaogopa bodaboda? Nampeleka kijiweni kwa bodaboda akae hapo mpaka azoee. Nikamfunga kamba, nikamvuta, yaani kumvuta kweli, miguu minne imekita chini anachora mistari kwenye vumbi, watu wanacheka, mi naona naonyesha msimamo. Tumefika, jamaa mmoja akawasha pikipiki yake, ikapiga ile pa! ya eksozi, Kamanda akarudi nyuma, kichwa kikachomoka kwenye kamba. Sikumwona siku mbili.

Tulimkuta Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga. Amekaa kwenye ukingo wa mfereji, matope mpaka kwenye masikio. Kuna mama alikuwa anapalilia pale ndo aliyemtunza, anamwachia kipande cha ugali kwenye tuta halafu anaendelea na jembe lake. Nikamuuliza, mama ulimshikaje? Akanijibu, "Sijamshika mwanangu. Ukimfuata anaondoka, ukitulia anakaa, basi mi nikatulia." Nilikaa naye kama saa nzima na nusu kwenye lile tuta, nimempa Kamanda mgongo, mpaka akaja mwenyewe kuninusa kiwiko. Siwezi kueleza nilivyojisikia kwa kiwiko kile.

Siku ya pili yake nikamwita dokta wa mifugo, nia ni chanjo maana huko alikolala siku mbili sijui kakutana na mbwa gani, na kichaa cha mbwa si kitu cha kucheza nacho, mtu zikishaanza dalili kupona karibu haiwezekani. (Hapa nitoke nje ya mada kidogo, mkiumwa na mbwa msikimbilie kupaka mafuta ya taa wala tumbaku, oshea kidonda sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu moja kwa moja hospitali siku hiyo hiyo ukachome sindano, usisubiri kuona kama mbwa atakufa.) Dokta akachoma chanjo, akampa na dawa ya minyoo, halafu akagusa sikio la kushoto na Kamanda akalia. Kulikuwa na usaha ndani. Sikio linamuuma miezi sijui mingapi na sisi tunasema mbwa huyu ana roho ya panya! Mtu akiumwa jino tu hata salamu haitikii vizuri, sembuse mnyama ambaye kila mkono unaomsogelea kichwani unaleta maumivu. Kwa hiyo kama una mbwa mwoga anza hapo, apimwe kwanza. Unaweza ukawa unafundisha ushujaa mgonjwa.

Dokta ndo alinieleza mambo mawili matatu ambayo yalinibadilisha. Kwamba mtoto wa mbwa ana kama dirisha, kuanzia wiki ya 3 hivi mpaka miezi mitatu, kila anachokutana nacho kwa amani kipindi hicho, watu, watoto, kuku, kelele, anakihesabu ni sehemu ya dunia. Dirisha likishafungwa, kipya kwanza ni adui mpaka kithibitishe vingine. Kamanda inaonekana dirisha lake lilifungwa akiwa kwenye mnyororo nyuma ya banda la ng'ombe. Haimaanishi hafundishiki, ila utatumia miezi kwa kitu ambacho mtoto angejifunza kwa siku mbili.

Halafu akanionyesha kumsoma. Mi nilikuwa namwona ametulia, kumbe ameganda. Akilamba pua na hakuna chakula, akipiga miayo na hana usingizi, akigeuza uso pembeni ukaona weupe wa jicho, huyo anakuambia imetosha, na ukimsikiliza hapo hatafika kwenye kukimbia wala kung'ata. Na kipimo kikubwa kuliko vyote ni dagaa. Mpe dagaa. Akila, bado kichwa kinafanya kazi na anaweza kujifunza. Akiwa hawezi kula, mwili mzima uko kwenye kuokoa roho, hapo uko karibu mno na hicho anachoogopa, rudi nyuma.

Kwa hiyo kitu chote kikawa ni umbali. Tukaanza hatua 40 kutoka barabarani, pembeni ya uzio wa michongoma, pikipiki anazisikia na anaziona ila ni ndogo huko. Pikipiki ikipita, dagaa. Ikiisha, dagaa zinaisha. Ikipita nyingine, dagaa. Dakika kumi tu, tunarudi nyumbani. Nilinunua dagaa wa Mwanza, wasio na chumvi, soko la Mbuyuni, mama alinuna wiki nzima eti mbwa anakula mboga ya watu.

Na hapa nilikosea kosa ambalo natamani kila mtu alijue maana lilinipotezea wiki mbili. Mi nikisikia pikipiki inakuja kwa mbali natia mkono mfukoni fasta nampa dagaa kabla haijafika, nikidhani namtuliza mapema. Matokeo yake unajua nini kilitokea? Akaanza kuogopa dagaa. Akiona mkono unaenda mfukoni anajua balaa linakuja, anaanza kuvuta kamba kurudi nyumbani. Nikampigia dokta akacheka mpaka nikasikia aibu. Mpangilio ndo wenye maana, akasema, kitu cha kutisha kitangulie, chakula kifuate, ili kile cha kutisha ndo kiwe kengele ya chakula. Ukigeuza, chakula ndo kinakuwa kengele ya kutisha. Yule Mrusi Pavlov mnayemsikia kwenye habari za mbwa na mate, alipata Nobel 1904 na wala haikuwa kwa ajili ya tabia za mbwa, ilikuwa kwa kazi yake ya jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, akiwa humo humo ndo akaona mbwa wanaanza kudondosha mate kabla chakula hakijafika mdomoni, wakijua tu kwamba kinakuja. Mbwa anaunganisha kinachotangulia na kinachofuata. Mi nilikuwa nimemuunganishia dagaa na eksozi.

Tulipogeuza mambo yakaenda. Sio haraka, msije mkadhani. Hatua 40, wiki nzima. Hatua 30. Siku moja tukafika 20, lori likapita likapiga honi, tukarudi 40. Kuna siku nilikuwa nalia kabisa barabarani. Kuna mama jirani yetu anapita hapo jioni akienda swala, mwanzo alikuwa anabadili njia kwa sababu ya udhu wake, mate ya mbwa kwake ni najisi, nikamwambia mama wewe pita njia yako, mi ndo nitasogea, maana na huyu wangu anataka nafasi. Ikawa kila jioni tunapishana kwa mbali anatupungia mkono, "Anaendeleaje mgonjwa?" Mpaka leo anamwita mgonjwa.

Nyumbani nako nikaacha kumbembeleza. Sijamaanisha kumtelekeza, na ile ya kusema ukimshika mbwa akiwa na hofu unamzidishia uoga sio kweli, hofu sio tabia ambayo unaizawadia ikakua, akija kujibanza kwako mwache ajibanze. Nilichoacha ni kumfuata. Nakaa uani na ndoo yangu nafua, namrushia dagaa nyuma yake, sio kati yangu na yeye, nyuma yake, ili akitaka kula aondoke na akitaka kurudi arudi kwa hiari. Chakula chake nusu nikaacha kukiweka kwenye sufuria, nakimwaga kwenye majani chini ya mgomba akitafute kwa pua. Kunusa kunamshusha mbwa mapigo, utamwona kabisa mgongo unalegea, na pia kuna ile ya kukipata mwenyewe, yaani kuna kitu kwenye hii dunia anakiweza. Maini yaliyochemshwa ndo yalikuwa ya sikukuu. Vitunguu usimpe, ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vikali.

Sasa kuinama. Hii niliiacha mwisho kwa sababu nilikuwa naiogopa mi mwenyewe. Nilianza nikiwa mbali uani, napinda kiuno kidogo kama mtu anayetoa shikamoo ya heshima zote, nanyooka, narusha dagaa. Napinda zaidi, dagaa. Mpaka siku ya kugusa chini, nikigusa nasimama naondoka, na pale nilipogusa panabaki dagaa. Anasubiri nifike mbali, anaenda kuangalia. Badala ya jiwe kuondoka na mkono, mkono unaacha chakula. Nafikiri hiyo picha ilimkaa vizuri kuliko nyingine zote.

Kwangu ilichukua kama mwezi. Ila mbwa hajumlishi mambo kama sisi, akijua dada haokoti jiwe haimaanishi watoto wa mtaa hawaokoti, na kusema kweli walikuwa wanaokota. Nikaita watoto sita pale nje, nikawaambia nataka walimu. Masharti, hakuna kukimbia, hakuna kumkodolea macho, unapita hatua 10 kutoka kwake, unainama, unaacha dagaa, unaondoka bila kugeuka. Malipo andazi moja kwa mangi pale kona. Yule aliyekuwa mshambuliaji mkuu, kana miaka tisa hivi, akasema kazi hiyo ni andazi mbili. Nikamlipa mbili. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote, ana mkono uliotulia, na akawa mkali kwa wenzie, "We usimwangalie machoni! Dada kasema usimwangalie!" Wapita njia wanaona watoto wamepanga foleni wanainama mmoja mmoja mbele ya mbwa kama wanakomunika. Yule mzee wa nyumba ya pili akasimama na baiskeli yake akaangalia wee, akasema, "Mbwa mnamsomesha intanashino," akaondoka.

Mvua na radi sijazishinda. Nilirekodi mvua kwenye bati kwa simu, nikawa naicheza chini chini wakati anakula, napandisha sauti kidogo kila siku kadhaa, na mvua ya kawaida siku hizi analala tu. Radi bado. Nadhani radi sio sauti peke yake, mbwa anaisikia hewa inavyobadilika mapema, dakika ishirini kabla yetu yuko mlangoni anaomba kuingia. Basi tukampa nafasi chini ya kitanda changu, gunia jipya na khanga ya zamani, akitaka anaingia na hakuna anayemtoa. Mama alikataa mbwa asiingie ndani kwa miezi minane, siku hizi ndo anayemfungulia.

Desemba ndo mtihani wa taifa, mnaijua Moshi ya Desemba. Kila mtu karudi kutoka Dar, magari mpaka huko vihambani, spika kila ua, halafu saa sita usiku ya tarehe 31 fataki. Mwaka 2023 nilijiandaa kama naenda vitani, nilimtembeza mapema jioni, nikamvalisha mkanda wenye namba yangu ya simu maana siku hiyo ndo mbwa wanapotea, nikafunga madirisha, nikaziba kwa mablanketi, nikawasha redio kwa sauti. Shemeji alishauri tumpe mbege alale. Hapana jamani, pombe ni sumu kwa mbwa, na vidonge vyenu vya maumivu pia msimpe. Alitetemeka saa nzima, nikakaa naye chini ya kitanda, mwaka mpya wangu niliupokelea huko na buibui. Mwaka 2024 alitetemeka dakika kumi hivi, halafu akatoa kichwa, akala ini. Niliandika tarehe ukutani.

Na kubweka anabweka. Hiyo ndo iliyomshangaza mama, maana wote tulidhani tukimlainisha tutapata paka. Mbwa mwoga alikuwa kimya kwa sababu hakuwa na kwake pa kulinda. Siku hizi akisikia geti linashikwa usiku anatoa mbili nzito halafu ananyamaza anasikiliza. Kuku hawajaguswa.

Juzi kaja mjumbe wetu kuandikisha majina ya mchango wa barabara. Kofia kichwani, daftari kwapani. Kamanda alikuwa amelala mlangoni, akainua kichwa, akaiangalia ile kofia, akakishusha. Mjumbe anaogopa mbwa kweli kweli, anaandika jicho moja liko kwa Kamanda, mkono unatetemeka, peni ikamponyoka ikaanguka. Akainama.

Kamanda akasimama, akajinyoosha, akatembea taratibu mpaka pale, akakaa chini mbele yake anaangalia ule mkono.

"Dada," mjumbe anaongea bila kufungua mdomo, hajathubutu kunyooka, "mbwa wako anataka nini?"

Nikamwambia baba, ukiwa na chochote mfukoni weka hapo chini. Akapapasa papasa suruali, akatoa karanga mbili.